Soksi ya kwanza haiuzwi, inapimwa: somo la kufuma soksi za watoto kwa anayeanza

Leo tuongee soksi za kufuma kwa mkono, hasa soksi za watoto wachanga.

Najua swali la kwanza litakalokuja, kwa sababu naulizwa kila wiki: "Dada, soksi? Korogwe, kwa joto hili?" Jibu ni ndiyo, kwa sababu tatu.

Kwanza, mtoto mchanga anafunikwa popote alipo. Mzazi akitoka wodini, hata jua likiwa linawaka, mtoto ana kofia, ana soksi, ana shali. Pili, Korogwe siyo joto tupu. Panda Vugiri, panda Bungu, nenda Dindira kwenye chai, utatafuta sweta. Lushoto nako si mbali, kutoka njia panda ya Mombo ni kama kilomita 33 tu za kupanda. Sisi mjini tuko kwenye mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, wao wako karibu mita 1,400. Tatu, na hii ndiyo kubwa kwetu tunaouza mtandaoni: mji wetu uko kwenye barabara kuu. Mabasi ya kwenda Arusha, Moshi, Tanga na Dar yanapita hapa. Mteja wako siyo lazima akae Manundu.

Kwa hiyo soko lipo. Tatizo liko sehemu nyingine. Watu wengi wanajifunza kufuma, wanapiga picha jozi ya kwanza, wanaiposti, wanataja bei ya kubahatisha, oda zinaingia, halafu baada ya miezi miwili wamechoka, hawana hela na hawajui imeenda wapi. Ukiwauliza jozi moja inakula gramu ngapi za uzi, hawajui. Inachukua saa ngapi, hawajui.

Ndiyo maana nasema soksi ya kwanza haiuzwi, inapimwa. Kazi ya jozi yako ya kwanza ni kukupa namba nne: vitanzi vingapi kwa sentimita, gramu ngapi za uzi, saa ngapi za kazi, na mizunguko mingapi kutoka juu mpaka kidoleni. Ukizipata hizo, una biashara. Bila hizo, una kipaji tu.

Chukua daftari na kalamu, twende kazi.

VIFAA

1. Uzi. Kwa anayeanza, chukua uzi wa sweta wa unene wa kati, rangi ya mwanga. Usianze na nyeusi wala bluu ya giza, hutaona vitanzi vyako, hasa usiku. Nyuzi nyingi za madukani ni za akriliki, yaani za kiwandani. Hazina ubaya, zinafuliwa kirahisi na hazisinyai. Ila usimwambie mteja ni sufu kama siyo sufu.

Kama karatasi ya donge imepotea na hujui ni uzi wa nini, kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sahani na ukichome. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ni wa kiwandani. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua na majivu yanasagika kwa vidole, ni sufu. Ukinuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ni pamba. Fanya mbali na watoto na mbali na uzi mwingine.

2. Sindano. Soksi isiyo na mshono wa pembeni inafumwa kwa sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Nne zinashika vitanzi, ya tano inafanya kazi. Kwa uzi wa kati tafuta unene wa milimita 3 hadi 3.5.

Hizi sindano fupi si kila duka la nyuzi linazo. Njia ya mtaani ni mbili. Ya kwanza ni spoki za baiskeli, unakata na kuzisugua ncha. Ila spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, inafaa zaidi uzi mwembamba. Ya pili, ambayo ndiyo naipendekeza kwa anayeanza, ni njiti za mishikaki za mianzi zile nene. Chagua tano zilizonyooka na zinazolingana, zikate urefu wa sentimita 18, chonga ncha pande zote mbili, sugua kwa msasa mpaka zisikwaruze shavu lako, kisha zipake nta ya mshumaa na uzifute. Mianzi ina faida yake: haitelezi kama chuma, vitanzi havikimbii.

3. Vingine: mkasi, rula, sindano kubwa ya kushonea yenye tundu pana, na mzani. Kama huna mzani wa jikoni, nenda kwa mwenye duka mwenye mzani wa kidijitali, pima donge kabla ya kuanza na baada ya kumaliza.

KABLA YA SOKSI: KIPANDE CHA KUPIMIA

Kama hujawahi kushika sindano kabisa, jua kwamba kufuma kuna vitu viwili tu. Kitanzi cha mbele: uzi unakaa nyuma ya kazi, sindano inaingia kutoka mbele, inavuta uzi kuja mbele. Kitanzi cha nyuma: uzi unakaa mbele ya kazi, sindano inaingia kutokea nyuma, inasukuma uzi kwenda nyuma. Mengine yote, hata kisigino, ni kuchanganya hivyo viwili, kupunguza na kuongeza.

Anzisha vitanzi 30 kwenye sindano mbili. Fuma mstari mmoja wote wa mbele, mstari unaofuata wote wa nyuma, hivyo hivyo mpaka mistari 40. Kilaze mezani bila kukivuta, weka rula katikati, hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10.

Tunatafuta vitanzi 25. Usidharau namba hii. Soksi ninayokupa hapa chini ina vitanzi 32. Ukiwa na 25 kwa sentimita 10, mzunguko wa soksi unakuwa karibu sentimita 13, unafaa. Ukiwa na 22, unakuwa sentimita 14 na nusu, soksi itavuka mguuni mama akiwa kwenye daladala. Ukiwa na 28, unakuwa chini ya sentimita 11 na nusu, itambana mtoto. Uzi ni ule ule, vitanzi ni vile vile, ila mkono ni tofauti. Mkono wako ukilegea, tumia sindano nyembamba kidogo. Ukibana sana, tumia nene kidogo. Usijilazimishe kubadili mkono, badili sindano.

Hiyo ndiyo namba yako ya kwanza. Andika kwenye daftari.

SOKSI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hii ni ya mtoto wa miezi sita hivi, mwenye unyayo wa sentimita 11. Soksi tunaifuma urefu wa sentimita 10, kwa sababu kitu kilichofumwa kinavutika. Kanuni ni kufuma fupi kuliko unyayo kwa sehemu moja ya kumi. Andika saa unayoanza.

Mdomo wa soksi. Anzisha vitanzi 32, kwa kulegeza. Hapa ndipo mguu unapopita, ukibana mwanzo, soksi nzima ni kazi bure. Vigawe vinane vinane kwenye sindano nne. Viunganishe viwe duara, hakikisha mnyororo wa chini haujajisokota. Sasa fuma vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, zunguka hivyo kwa sentimita 5. Mistari hii ndiyo inayovutika na kurudi kama lastiki. Usiweke lastiki ya kushonea kwenye soksi ya mtoto, mistari hii inatosha.

Kifundo. Fuma vitanzi vyote vya mbele, mizunguko 6. Utaona kwamba kwenye duara huhitaji mstari wa nyuma, kwa sababu hugeuzi kazi.

Ukuta wa kisigino. Sasa tunafanya kazi kwenye vitanzi 16 tu, yaani nusu. Vile 16 vingine vinapumzika kwenye sindano zao. Hapa unarudi kwenye kwenda na kugeuza: upande wa nje unafuma mbele, upande wa ndani unafuma nyuma. Kila mstari, kitanzi cha kwanza kihamishe tu bila kukifuma. Fanya mistari 14. Pembeni utaona vitanzi vikubwa saba vimejipanga kama mnyororo kila upande. Tutavihitaji.

Kugeuza kisigino. Hapa ndipo wengi wanapoweka kazi chini na kuisahau. Usiogope, ni mistari sita tu. Soma mmoja, fuma mmoja, weka alama, usisome wote kwa mpigo.

Mstari 1, nje: fuma 9 mbele, fuma 2 pamoja, fuma 1, geuza. Vinne vinabaki bila kuguswa, ni sawa.
Mstari 2, ndani: hamisha 1, fuma 3 nyuma, 2 pamoja, fuma 1, geuza.
Mstari 3: hamisha 1, fuma 4 mbele, 2 pamoja, fuma 1, geuza.
Mstari 4: hamisha 1, fuma 5 nyuma, 2 pamoja, fuma 1, geuza.
Mstari 5: hamisha 1, fuma 6 mbele, 2 pamoja, fuma 1, geuza.
Mstari 6: hamisha 1, fuma 7 nyuma, 2 pamoja, fuma 1, geuza.

Kuanzia mstari wa tatu utaona pengo dogo pale ulipogeuzia mara ya mwisho. Zile "2 pamoja" ni kitanzi kimoja cha kabla ya pengo na kimoja cha baada yake. Ukimaliza, hesabu: lazima uwe na vitanzi 10. Na kitambaa kimejikunja chenyewe kama kikombe. Hicho ndicho kisigino.

Kuokota pembeni. Fuma vile 10. Okota vitanzi 7 kwenye mnyororo wa pembeni, fuma vile 16 vilivyokuwa vimepumzika, okota 7 upande wa pili. Hesabu: 10 na 7 na 16 na 7, jumla 40. Umerudi kwenye duara. Sasa kila baada ya mzunguko mmoja, punguza kitanzi kimoja kila upande, pale kisigino kinapokutana na mgongo wa mguu, mpaka ubaki na 32. Hiyo ni kupunguza mara nne.

Unyayo. Panga tena vinane vinane kwenye sindano nne, zungusha vya mbele mpaka soksi, kuanzia nyuma ya kisigino, ifike sentimita 7.

Ncha ya vidole. Mwisho wa kila sindano, fuma vitanzi viwili vya mwisho pamoja. Mzunguko unaofuata usipunguze. Endelea hivyo, mmoja wa kupunguza, mmoja wa kawaida, mpaka kila sindano ibaki na vitanzi 4. Baada ya hapo punguza kila mzunguko mpaka kila sindano ibaki na 2. Kata uzi, acha sentimita 20, pitisha kwa sindano ya kushonea ndani ya vile vitanzi 8, vuta, kaza, ingiza ndani na ushonee mara tatu.

Andika saa uliyomaliza. Kisha fuma ya pili.

SOKSI YA PILI NDIYO MTIHANI

Soksi moja haina mteja. Na soksi ya pili ikizidi ya kwanza sentimita moja, picha ya mtandaoni itaonyesha, hata ukilaza vipi. Dawa yake ni daftari. Usipime kwa rula peke yake, hesabu mizunguko. Ukifuma soksi ya kwanza, kila mzunguko piga mstari kwenye karatasi: mdomo mizunguko mingapi, kifundo mingapi, unyayo mingapi. Soksi ya pili unafuata hesabu, siyo jicho. Na zifume karibu karibu. Mkono wa leo siyo mkono wa wiki ijayo. Ukiwa na haraka au na mawazo, vitanzi vinabana.

Ukimaliza jozi, pima gramu. Soksi za ukubwa huu kwa uzi wa kati zinakula kama gramu 25 kwa jozi, lakini andika ya kwako.

USALAMA WA MTOTO KWANZA

Hapa naomba umakini, kwa sababu mteja wetu hawezi kusema "inaniumiza", anaweza kulia tu.

Geuza kila soksi ndani nje. Nyuzi zilizoachwa ndefu ndani ni hatari. Uzi au hata unywele mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto, ukazuia damu, kidole kikavimba na kubadilika rangi. Hili ni jambo linalojulikana hospitalini, si hadithi. Kwa hiyo kila mwisho wa uzi ushonewe ndani ya vitanzi pande mbili tofauti, ukatwe mfupi. Ingiza vidole vyako ndani ya soksi na uvizungushe. Chochote kinachonasa, kirudie.

Usiweke vifungo, shanga wala maua ya kubandika kwenye soksi za mtoto mchanga. Vinapendeza kwenye picha, ila mtoto anapeleka mguu mdomoni. Mdomo wa soksi ukiacha alama nyekundu mguuni, hiyo jozi haiendi kwa mteja.

SASA HELA

Tufanye hesabu ya mfano. Weka namba zako mahali pa namba zangu, bei za uzi zinatofautiana sehemu na sehemu.

Tuseme donge la gramu 100 umenunua Sh 6,000. Jozi inakula gramu 25, hivyo uzi ni Sh 1,500. Kifuko na kadi ndogo ya maelekezo, Sh 500. Bando na nauli ya kwenda stendi ukigawanya kwa kila jozi, Sh 500. Kazi: jozi ya kwanza usiitumie kukadiria, itachukua muda mrefu. Fuma mpaka jozi ya tano, angalia saa. Tuseme umefika saa 5 kwa jozi, na umejiwekea Sh 1,000 kwa saa. Hiyo ni Sh 5,000.

Jumla Sh 7,500. Hiyo ndiyo gharama, bado hujapata faida. Ile Sh 5,000 ni mshahara wako, siyo faida ya biashara. Ukiongeza Sh 1,500 ya kukuzia mtaji, bei ni Sh 9,000.

Sasa tazama yule anayeuza jozi Sh 4,000 ili "kupata wateja kwanza". Toa uzi, kifuko na bando, Sh 2,500. Anabaki na Sh 1,500. Gawanya kwa saa 5. Amelipwa Sh 300 kwa saa, na mtaji haujaongezeka hata shilingi. Akipata oda kumi, anafurahi. Ukweli ni kwamba oda kumi ni saa hamsini za kazi kwa Sh 15,000. Ndiyo maana nasema wengi wanachoka bila kujua kwa nini. Wateja hawajawakimbia, bei ndiyo inawala.

Mteja atakwambia, "Mbona sokoni soksi ni za bei ya chini sana?" Ni kweli, na usibishane naye. Soksi ya sokoni imetengenezwa na mashine. Mwaka 1589 huko Uingereza mtu anaitwa William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi, na leo mkono hauwezi kuishinda mashine kwa bei. Kufuma soksi kwa mkono kulikuwepo kabla ya Lee na kupo mpaka leo, kwa sababu kuna kitu mashine haifanyi: haimfumii mtoto wa fulani, kwa rangi aliyoichagua mama yake, kwa kipimo cha mguu wake.

Kwa hiyo uza hicho. Usiuze "soksi", uza seti ya mzazi: kofia na soksi za rangi moja, kwenye kifuko kizuri. Anayenunua seti mara nyingi si mama mwenyewe. Ni wifi, ni shangazi, ni rafiki wa kazini anayekwenda kumwona mzazi na hataki kwenda mikono mitupu. Huyo halinganishi bei yako na soksi za mtumba, analinganisha na zawadi nyingine. Kama baada ya kujaribu bado wateja wako hawawezi kulipa bei inayokulipa, basi soksi ziwe nyongeza kwenye biashara nyingine, zisiwe biashara. Bora kujua mapema.

KUUZA NA KUTUMA

Usiulize "mtoto ana miezi mingapi" peke yake. Watoto wa umri mmoja wana miguu tofauti. Mwambie mama aweke karatasi chini ya unyayo wa mtoto, apige alama kisiginoni na kwenye ncha ya kidole kirefu, apime kwa rula, akutumie sentimita. Mama mwenyewe ataona unajua kazi yako.

Kwenye picha, laza soksi pembeni ya rula, mchana, karibu na dirisha. Onyesha kisigino kwa karibu, ndicho kinachotofautisha kazi. Ukitaka kuonyesha zikiwa mguuni, kata mguu wa boksi gumu. Picha ya mtoto wa mtu usiiposti bila ruhusa ya mzazi.

Andika ukweli wa uzi na namna ya kufua: maji ya kawaida, usikamue kwa kusokota, anika kwa kulaza. Kama ni akriliki, andika "usipige pasi", maana pasi ya moto inaiyeyusha.

Kwa oda ya kipimo maalumu, pokea angalau nusu kabla ya kuanza, kwa simu. Nauli ya basi alipe mteja na iandikwe kando ya bei, isifichwe ndani. Ukifika stendi, chukua risiti ya kifurushi, piga picha risiti na namba ya gari, mtumie mteja hapo hapo. Kwa wa Lushoto, mwambie mapema gari litafika saa ngapi ili kifurushi kisilale ofisini.

Na usiahidi usichoweza. Ukipata saa mbili kwa siku za kufuma, kwa mwezi una saa 60. Kwa saa 5 kila jozi, hizo ni jozi 12, basi. Mtu akitaka jozi 30 kwa wiki mbili, jibu ni "hapana, nitakupa 6". Baridi ya milimani na ya Arusha inashika Juni hadi Agosti. Anayetaka kuuza msimu huo anaanza kufuma Machi, anaweka akiba ya jozi za rangi zinazokwenda, nyeupe, kijivu, maziwa. Ukisubiri Juni, utakesha.

PA KUANZIA WIKI HII

Nunua donge moja tu. Moja. Siku ya kwanza tengeneza sindano na ufume kipande cha kupimia. Siku ya pili fuma mdomo na kifundo. Siku ya tatu, mchana, ukiwa umetulia na simu iko mbali, fuma kisigino. Siku ya nne maliza. Soksi ya pili igawe hivyo hivyo kwa siku zinazofuata.

Hiyo jozi usiiuze. Ivalishe mtoto wa jirani au wa ndugu, mwombe mama aitumie mwezi mzima, afue anavyofua siku zote, kisha akuletee uiangalie. Utaona penye kulegea, utaona uzi ukitoa vipele, utaona kama ilikuwa inavuka. Maneno ya mama huyo yana thamani kuliko sifa mia za "waooh nzuri" kwenye picha.

Ukishamaliza, niandikie hapa chini namba zako nne: vitanzi kwa sentimita 10, gramu, saa, na mizunguko. Usiandike bei bado. Tutazipitia pamoja, mmoja mmoja, na bei itatoka kwenye hizo namba zenyewe.

Kazi njema.